Bendi ya Makochi

Karakana ya makochi ilivunjika mwaka uleule Fundi alipovunjika mguu, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe, akiwa nyumbani kwake, mguu juu ya stuli na rimoti mkononi. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelewa, hakuna aliyechukua mke wa mtu. Alitazama filamu za wanamuziki, basi.

Ulianza mguu. Walikuwa wanapandisha kochi la watu watatu kwenye ngazi za nyumba ya mteja, Fundi chini, shemeji yake juu. Katikati ya ngazi Shemeji akakumbuka jambo. Huyu Shemeji, kaka wa mke wa Fundi, hawezi kusimulia bila mikono. Aliachia upande wake ili aonyeshe ukubwa wa mbwa aliyemwona asubuhi, na kochi likateremka lenyewe, taratibu kama bibi harusi, hadi juu ya mguu wa Fundi.

Hospitali wakamfunga plasta kutoka kwenye vidole hadi gotini na kumwambia akae. Binti yake, msusi mwenye saluni yake na aliyejua mambo ya simu na mitambo, alikuja akaunganisha waya hapa na pale nyuma ya televisheni, akampa rimoti na kusema, "Baba, humu kuna filamu za dunia nzima. Usisumbue watu."

Fundi alikuwa ametengeneza makochi tangu ndevu zake hazijaota, lakini hakuwahi kukalia kochi kwa muda unaozidi mlo mmoja. Sasa alilikalia kutwa, na akagundua kwamba kochi la nyumbani kwake linazama katikati. Ukikaa kushoto, baada ya muda unajikuta katikati. Ukihamia kulia, unarudi palepale. Mkewe alikuwa amemweleza jambo hilo kwa miaka, naye alikuwa akimjibu kwamba ni uzito wake.

Basi akazama katikati, akatazama.

Alianza na filamu za kupigana, zikamchosha kwa sababu watu walikuwa wanavunja viti vizuri kabisa. Akahamia kwenye filamu za mapenzi, akaona watu wanalia juu ya makochi yenye kitambaa cheupe, akazima. Siku ya tatu ndipo alipoangukia filamu za wanamuziki, zile za kweli, ambazo wazee wanakaa kwenye kiti na kueleza jinsi bendi yao ilivyoinuka na jinsi ilivyokufa. Hapo akanasa kama nzi kwenye gundi.

Kitu cha kwanza alichogundua ni kwamba filamu hizo zote ni moja, wanabadilisha nywele tu. Vijana wanne wanakutana, hawana hata viatu vya maana. Wanapiga kelele kwenye banda la mzazi wa mmoja wao. Wanapata jina, wanapata magari, wanapata suruali zinazobana. Kisha inakuja sauti ya mtu usiyemwona, imeshuka kama ya mtu anayekuletea habari za msiba, na inasema kwamba mambo hayakuwa kama yalivyoonekana. Hapo Fundi alikuwa anaongeza sauti.

Tena wale wanaohojiwa hawakutazami. Wanakaa upandeupande na kutazama kitu kilicho pembeni ya televisheni yako. Siku za mwanzo Fundi aligeuka mara kadhaa kuona wanatazama nini. Ilikuwa pasi.

Na anayeongea sana hakuwahi hata kushika gitaa. Ni dereva wao, au jirani aliyekuwa akilalamikia kelele, au mwanamke aliyewahi kuwapa chai. Huyo ndiye anayejua kila kitu. Mpiga ngoma haongei. Kila bendi ina mtu mmoja wa namna hiyo, mpole, amekaa nyuma, hana neno na mtu. Filamu ikikaribia mwisho wanamleta akiwa mzee, wanamkalisha karibu na dirisha, na yeye anasema, "Hakuna aliyeniuliza." Kisha anatazama nje. Alikuwa ameondoka zamani, bendi imekufa kwa sababu ya kuondoka kwake, na hakuna aliyemwuliza.

Mara ya kwanza Fundi alimhurumia. Mara ya nne akaingiwa na baridi.

Kwa sababu karakana ile ilikuwa na watu watatu. Shemeji alichonga mbao na kuunga fremu. Fundi aliweka spunji na kuvisha kitambaa. Katikati yao, kati ya mbao na spunji, alikuwepo mtu wa kufunga springi. Huyu na Fundi walikuwa pamoja tangu ujana, walijifunza kazi kwa mzee mmoja aliyewapiga kwa rula ileile, na jina lake lilikuwa limeshasahaulika hata kwa wateja. Wote walimwita Kimya.

"Mama," Fundi alimwambia mkewe jioni hiyo, "Kimya ataondoka."

Mkewe alikuwa karani wa stoo hospitalini, na hakuwa na subira na mambo yasiyo na ushahidi. Tena yeye alikuwa mtu wa filamu za mauaji. Alizitazama Jumapili huku anamenya viazi bila kuangalia kisu, na katika filamu zake muuaji alikuwa mume. "Ni mume huyo," angesema kabla hata maiti haijapatikana. Fundi akimwuliza amejuaje, anajibu, "Si unaona anavyojitia kumtafuta?"

"Kimya amekwambia anaondoka?" aliuliza sasa.

"Hajasema kitu."

"Basi?"

"Ndiyo hivyo! Hajasema kitu!"

Mkewe alimtazama, akatazama plasta, akamwuliza kama amekunywa zile dawa za maumivu mbili badala ya moja.

Kilichommaliza kabisa ni picha. Katika filamu hizo wakikuonyesha picha ya zamani, haitulii. Inakujia polepole, wote wanne wamo, kisha watatu, kisha unabaki uso mmoja umejaa kioo kizima, na huyo ndiye anayekwenda na maji. Ukutani kwa Fundi kulikuwa na picha ya wale watatu mbele ya kochi lao la kwanza. Mkewe alipokwenda kazini, Fundi alijikokota na magongo hadi ukuta wa pili, akageuka, akaanza kuiendea ile picha taratibu kama kamera inavyofanya, bila kupepesa macho, ili aone atabaki nani.

Alibaki Kimya.

Ni kweli kwamba Kimya alikuwa amesimama katikati. Ni kweli pia kwamba alisimama katikati kwa sababu pembeni kote kulikuwa na tope, na wenzake, wakilikwepa, walimbana kutoka pande zote mbili. Lakini Fundi hakukumbuka tope. Aliukaribia ule uso mpaka pua ikagusa kioo, na akaona macho ya mtu ambaye hajaulizwa.

Akampigia simu aje.

Kimya alikuja na nguo za kazi, akakaa kwenye ukingo wa kochi ili asizame.

"Ndugu yangu," Fundi alisema, "una nini moyoni?"

"Mimi?"

"Wewe."

Kimya alifikiri. "Sina kitu."

"Hata kidogo?"

"Springi zile nene zimekwisha. Nimemwambia Shemeji aagize."

"Si za kazi. Za moyoni."

Kimya alitazama dirishani. Hakukuwa na kitu huko, kamba ya nguo tu, lakini Fundi alihisi nywele za shingoni zinasimama. Wote wanatazama dirishani.

"Kuna mtu amekuudhi?" akamsukuma. "Sema tu. Mimi? Shemeji? Jiulize usiku, ukipata kitu uje unieleze."

"Sawa," Kimya alisema, akaenda zake.

Alirudi kesho yake kusema kwamba amejiuliza na hakuna kitu. Fundi akamwambia ajiulize tena, hasa ya zamani. Keshokutwa alipokuja hakukaa. Alisimama mlangoni, uso umemkunjamana kama mtu aliyeonja dawa.

"Kuna kitu kimoja," alisema. "Lakini ni kidogo."

"Kipi?"

"Bado nakitafakari."

Fundi alifurahi kama daktari aliyepata uvimbe.

Jumamosi mchana akawaita wote wawili watazame filamu pamoja, ili wajifunze. Shemeji alikuja na shati jipya na maneno yake. Filamu ilikuwa ya bendi ya watu watatu, Fundi aliichagua kusudi. Haijafika hata robo, Shemeji alikuwa amekwishapata nafasi yake.

"Yule mwimbaji ni mimi," alisema. "Mnaona anavyosimama? Mbele."

"Mwimbaji ni anayeonekana," Fundi alisema. "Mteja anaona nini akiingia? Kitambaa."

"Bila mbao hicho kitambaa ungekivisha nini, Shem? Ungemvisha mkeo."

"Wewe ni gitaa."

"Gitaa ni wewe! Tena lile nene, la kuvuma tu, du, du, du."

Walibishana mpaka binti aliyekuwa jikoni akaja kuwauliza kama kuna mtu ameumia. Hakuna aliyegombania ngoma. Kimya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bakuli la karanga mapajani. Mwishowe yule mpiga ngoma wa kwenye filamu akaletwa, mzee, amekondeana, karibu na dirisha.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema.

Kimya aliacha kutafuna.

Alikaa na karanga hizo shavuni mpaka majina yote ya mwisho yakapita, hata ya madereva.

Mtu mwingine angeishia hapo. Fundi hakuishia, kwa sababu katika filamu hiyohiyo alikuwepo meneja mmoja mwenye kipara aliyesema kwamba laiti wangekaa wakayasema yote mapema, bendi ingekuwepo hadi leo. Fundi alilichukua neno hilo kama amri kutoka juu. Akamwambia binti yake kwamba anataka filamu. Filamu ya karakana. Kila mtu ahojiwe peke yake, aseme yote, kisha waitazame pamoja, walie kidogo, warudi kazini.

"Baba, nina wateja saluni."

"Unataka baba yako mdogo aondoke?"

"Baba mdogo Kimya? Anakwenda wapi?"

"Ndilo tunalotaka kulizuia."

Binti alikuja na simu, akaisimika juu ya rundo la masufuria, akafungua pazia ili mwanga uje upande mmoja.

Shemeji alihojiwa wa kwanza. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba na aliitikia kila swali kwa kucheka kwanza kidogo, kama mtu anayekumbuka mengi. Alisema fremu inaanza ndani ya roho. Alieleza ya yule mbwa, kwa mikono, na simu ikaanguka kwenye sufuria.

Fundi alikaa upandeupande na kuitazama pasi. Aliongea kama watu wake wanavyoongea, yaani kama kila kitu kimekwisha. "Tulikuwa vijana," alisema. "Hatukujua." Kisha akafika kwa Kimya, na hapo ndipo alipoteleza. Katika filamu zote alizotazama mtu hamsifu tu mwenzake. Anamsifu, anatia pilipili kidogo, anacheka, na utamu wa filamu uko hapo. Fundi alitafuta pilipili na akaipata chini ya makalio yake.

"Kimya alikuwa mtu mzuri sana," alisema. "Lakini springi zake, loo! Kochi hili nililokalia, linameza watu." Akacheka na kutikisa kichwa.

Kimya alikuja jioni, baada ya kazi, amenawa mikono hadi viwikoni. Alikaa karibu na dirisha bila kuambiwa. Binti alimwuliza swali la kwanza, ana nini moyoni, na Kimya akanyamaza. Alitazama nje muda mrefu sana. Binti akadhani amelala.

Kisha akaanza.

Fundi alikuwa chumbani kwa heshima, mlango umefungwa, lakini aliisikia ile sauti kama mtu anavyosikia redio ya jirani, haiishi. Saa ya kwanza ikapita. Simu ikaisha chaji, binti akaenda kuleta waya, Kimya akasubiri, akaendelea pale alipokuwa ameishia, katikati ya sentensi. Mke wa Fundi alirudi kutoka kazini, akachungulia, akarudi nyuma kwa vidole.

"Ni nani huyo anayeongea?" alimnong'oneza mumewe.

"Kimya."

"Muongo."

Saa ya pili ilipotimia Kimya alisimama, akakunjua mgongo, akasema, "Nimemaliza." Fundi akafungua mlango wa chumbani. Kimya alivyotoka alimpungia mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alitembea kama mtu aliyetua gunia. Fundi aliona kwamba bendi imepona. Angeacha hapo, leo tusingekuwa na hadithi.

Wiki iliyofuata wakakaa kuitazama. Mke wa Fundi alikaanga bisi. Shemeji akaja na miwani yake. Kimya alivaa shati la kutokea, jeupe, limepigwa pasi hiyohiyo waliyokuwa wakiitazama, maana alikuja kuiazima. Safari hii alikaa mbele.

Filamu ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Binti alikuwa na jicho. Shemeji alitokea akicheka. Ile picha ya ukutani ikawajia taratibu. Shemeji akatokea tena, fremu inaanza ndani ya roho. Kisha akaja Fundi, tulikuwa vijana, hatukujua, Kimya alikuwa mtu mzuri sana, lakini springi zake, loo. Shemeji akapiga makofi kwenye paja. Fundi wa kwenye televisheni akacheka na Fundi wa kwenye kochi akacheka naye.

Kisha akatokea Kimya. Gitaa likaanza kulia chinichini. Kimya alikuwa anatazama dirishani, mwanga umemkaa shavuni, ameinamisha kichwa kidogo. Akapepesa macho. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo, na hapo picha ikawa nyeusi, na maandishi meupe yakasema MWISHO.

Bisi zililia ndani ya mdomo wa Shemeji.

"Mimi niliongea," Kimya alisema.

"Uliongea vizuri sana, baba mdogo," binti alisema. "Saa mbili! Lakini kwa kweli pale ulipokuwa umenyamaza ndipo palipendeza zaidi. Palinitoa machozi."

"Niliongea," Kimya alirudia, taratibu, kama anayemweleza mtu njia. "Nilisema habari za sukari."

"Sukari gani?" Shemeji aliuliza.

"Unayotutilia kwenye chai, vijiko vitatu, tangu tulipofungua karakana. Mimi sipendi sukari. Nilisema pia kwamba wateja wanakuja, wanapapasa kitambaa, wanasema kitambaa kizuri. Wanagonga mbao, wanasema mbao nzuri. Sijawahi kumwona mtu anapapasa springi. Nilieleza hilo kwa urefu."

"Si ungesema tu siku zote, bwana wewe!" Shemeji alisema.

"Sikuwa nalo," Kimya alisema. "Fundi aliniambia nilitafute." Akamgeukia Fundi. "Na hizi springi za humu ndani ulizozicheka. Hizi sikuzifunga mimi. Ulizifunga mwenyewe, kwa haraka, mkeo alikuwa na wageni. Wiki ile mimi nilikwenda kumzika mama yangu."

Fundi alikumbuka wageni, alikumbuka haraka, alikumbuka hata nyundo aliyotumia. Ule msiba ndio haukuwa umekaa mahali popote kichwani mwake.

"Niliporudi uliniuliza kama nimeleta uzi," Kimya alisema. Akachukua pasi yake ya kuazima akaiweka juu ya meza, akaaga kila mtu kwa kumtaja, mama, binti, Shemeji, Fundi, akatoka.

Mke wa Fundi alikuwa bado ameshika bakuli. "Ni mume," alisema. "Ni mume kila mara."

Jumatatu sehemu ya Kimya pale karakana ilikuwa imefagiliwa safi. Upande wa pili wa barabara, kwenye kibanda kilichokuwa cha fundi viatu, kulikuwa na kibao kipya: SPRINGI. Hakuuza makochi. Aliweka springi zilizofungwa nje, wazi, kwenye fremu ya chuma, bila spunji na bila kitambaa, na wapita njia walisimama na kuzipapasa.

Fundi akiwa bado na magongo, na Shemeji akiwa peke yake karakana bila mtu wa kumsimulia, haikuchukua muda. Shemeji alikuja kumwambia Fundi kwamba waimbaji wote mwishowe huimba peke yao, ameona mwenyewe kwenye filamu. Akahamisha msumeno wake hadi pembeni, vibanda viwili mbele, akatundika kibao chenye picha yake.

Aliyepata taabu ni daktari wa meno. Mama huyu alikuwa ameagiza kochi refu la chumba cha wagonjwa kusubiri, na siku ya kulichukua alimkuta Fundi ameketi karakanani, mguu mbele, kitambaa cha buluu kimekunjwa vizuri mapajani.

"Kochi langu liko wapi?"

"Hili hapa, dokta. Mimi kwangu nimemaliza."

"Hiki ni kitambaa."

"Fremu iko kwa shemeji yangu, vibanda viwili mbele. Springi vuka barabara."

"Kwa nini kochi langu liko sehemu tatu?"

"Bendi imevunjika."

Daktari alikuwa amezoea watu wanaoongea ovyo wakiwa na ganzi, lakini huyu hakuwa na ganzi. Alikwenda kwa Shemeji, akapewa historia ya fremu. Akavuka barabara kwa Kimya, akapapasa springi, akasema springi nzuri. Kimya aliinama kwa shukrani na kumwambia zake ziko tayari, akipata mahali pa kuziweka azilete. Daktari alirudi akamwambia Fundi kwamba yeye na ukoo wake wasikanyage kliniki yake, meno yaoze. Fundi alikuwa na jino bovu la nyuma, tena lilikuwa limeshaandikiwa siku ya kutibiwa.

"Vuka barabara," mkewe alimwambia kila jioni. "Vuka, mwombe radhi."

"Bado mapema. Zile bendi zinarudiana wakiwa wazee, mama. Miaka ishirini. Watu wanalia. Ukirudiana sasa hivi inakuwa haina maana."

"Miaka ishirini wewe utakuwa umekufa na mimi nitakuwa mshukiwa."

Plasta ilipofunguliwa Fundi alivuka. Hakuwa na mipango. Alibeba kikombe cha chai mkono mmoja, gongo mkono wa pili, magari yakimpigia honi, na alipofika, nusu ya chai ilikuwa imemwagikia kiatu.

"Haina sukari," alisema.

Kimya aliacha uzi, akaipokea, akanywa kidogo. Akakunja uso.

"Nilishaizoea ile yenye sukari," alisema. Lakini aliinywa yote.

Fundi alikaa kwenye springi tupu, zile za maonyesho. Hazikuzama. Zilimshika kama kiganja cha mkono. Barabara ikaendelea na kelele zake.

"Sikukuuliza habari za mama yako," alisema baadaye.

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Kimya alipitisha uzi kwenye springi, akavuta, akafunga fundo. "Yote nilimwambia binti. Ya mama, jinsi alivyougua, alichosema mwisho. Yako kwenye simu yake. Kayasikilize."

Fundi alimpigia binti palepale. Binti akasema kwamba simu ilikuwa imejaa, alihitaji nafasi ya picha za mitindo ya nywele, akafuta.

Kimya alikuwa amesikia. Sauti ya binti haikuwa ndogo.

"Basi niambie mimi," Fundi alisema. "Niko hapa. Sina kamera."

Kimya alitafuta mwanzo wa uzi kwa vidole, akaupata.

"Nilishasema, Fundi," alijibu.

Wanasalimiana hadi leo, kwa mkono, kila mtu upande wake wa barabara. Shemeji haji tena nyumbani kula, anapeleka salamu kwa dada yake kupitia simu. Televisheni aliichukua binti ikakae saluni. Filamu hizo zilimgharimu Fundi rafiki mmoja, shemeji mmoja, mteja mmoja, jino moja la nyuma lililong'olewa kwa koleo la karakana, na saa mbili za maneno ya Kimya, zote alizowahi kuongea. Kochi la nyumbani bado linazama katikati.